Ndugu Yako Ana Siku Ngapi Nchini? Someni Muhuri Mapema



Mwezi wa Septemba nyanya mmoja wa hapa Gatina, Kawangware, alipata habari ya kwamba kaka yake amefariki kwao Tororo, nchini Uganda. Wanachama wa kikundi chetu walifika jioni ile ile, kama ilivyo desturi, wakachanga nauli, sukari na majani chai. Mama mweka hazina akauliza basi la usiku linaondoka saa ngapi. Hapo ndipo mwanawe nyanya, aliyekuwa ameketi mlangoni na pasipoti ya mama yake mkononi, alipotuambia kwa sauti ya chini: "Shida ni hii. Siku za mama ziliisha mwezi wa tano."

Nyanya huyu aliingia Kenya mwezi wa Februari kwa mpaka wa Malaba. Mkaza mwana wake alikuwa amelazwa hospitali, na wajukuu watatu hawakuwa na mtu wa kuwapikia. Pale mpakani afisa alimwuliza, "Nyanya, unaenda wapi?" Naye akajibu kama mama yeyote mwenye adabu angejibu: "Naenda tu kusalimia watoto." Afisa akagonga muhuri, akaandika siku 90. Nyanya akafunga pasipoti ndani ya leso, akapanda basi. Tangu siku ile hakuna mtu nyumbani aliyeifungua. Mwanawe alikuwa amesikia redioni ya kwamba watu wa Afrika Mashariki wana miezi sita. Akahesabu miezi sita kichwani, halafu kazi ya mjengo ikamshika, na hata hiyo miezi sita ikapita.

Jirani mmoja akatoa shauri la haraka: nyanya apitishwe njia ya panya usiku, azike, arudi hivyo hivyo. Mwingine akasema anajua mtu huko mjini anayeweza "kutengeneza" muhuri kwa siku moja. Nyanya alikataa yote mawili. Alisema, "Mimi sijawahi kuvuka kwa kujificha. Nikienda kumzika kaka yangu nitavuka mchana."

Tutarudi kwa nyanya. Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa maana tumeona ya kwamba nyumba nyingi za Kibera na Kawangware zina ndugu wa namna hii, na hata ninyi mlioko vijijini Busia, Kuria, Loitokitok na Taita mnawapokea na kuwasindikiza kila mwaka.

Muhuri hausomi ukoo

Mipaka yetu ilichorwa katikati ya maboma. Msamia wa Busia ana shangazi upande wa Uganda. Mkuria wa Isebania ana wajomba Tarime. Mmaasai wa Namanga huchunga ng'ombe wake bila kuuliza nyasi ni za nchi gani. Wazee watakumbuka ya kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Watu walikaa miaka sita bila kuonana na dada zao walioolewa upande wa pili. Kwa hiyo mtu akisema leo mambo yamekuwa rahisi, hasemi uongo.

Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Chini ya Itifaki hiyo mwananchi wa nchi moja ya Jumuiya akiingia nchi nyingine haombi viza. Hupewa pasi ya mgeni mpakani bila malipo, nayo humruhusu kukaa hadi miezi sita. Nchi za Jumuiya sasa ni nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo iliyoingia mwaka 2022, na Somalia iliyoingia mwaka 2024.

Maneno "hadi miezi sita" yafaa kusomwa polepole. Hayasemi kila mtu atapewa miezi sita. Yanasema afisa anaweza kukupa siku mpaka zifike miezi sita, kulingana na ulivyojieleza. Ukimwambia unakuja kusalimia, atakupa siku za kusalimia. Nyanya wetu angesema, "Mkaza mwana wangu ni mgonjwa, nakuja kukaa na wajukuu miezi sita, na hii ni simu ya mwanangu," pengine angeandikiwa siku zaidi. Adabu yetu ya kutotaja shida zetu mbele ya mtu tusiyemjua ni nzuri kanisani na sokoni, lakini pale dirishani inatuponza.

Kuna na hotuba ambayo watu bado wanaitaja. Tarehe 28 Novemba 2017, siku ya kuapishwa kwake pale Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia watu wa Afrika Mashariki ya kwamba watatendewa kama Wakenya: kitambulisho tu kitawatosha, wafanye kazi, walime, hata wakipata mchumba waoe na wakae. Watu walipiga makofi sana. Wengine hapa Kibera wakafunga pasipoti zao kwenye masanduku, wakisema mambo yamekwisha. Lakini hotuba haifuti sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 bado ndiyo inayotumika, nayo inasema mtu asiye raia hawezi kukaa nchini bila pasi au kibali halali. Ni kweli Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho tangu mwaka 2014. Lakini kuvuka ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Aliyevuka kwa kitambulisho naye hupewa karatasi mpakani, na karatasi hiyo ina tarehe. Msiitupe kwa kuwa ni ndogo.

Kuongeza siku kabla hazijaisha

Pasi ya mgeni yaweza kuongezwa. Kubwa ni kwamba ombi lipelekwe siku zikiwa bado zipo. Sisi twashauri wiki mbili au tatu kabla, maana kuna siku mtandao haushiki, kuna sikukuu, na kuna siku pesa ya nauli haipo.

Ombi hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, sehemu ya huduma za wageni katika Idara ya Uhamiaji. Mtu asiye na kompyuta anaweza kwenda saiba, lakini aende yeye mwenyewe na akaunti ifunguliwe kwa jina lake na simu yake au ya mwenyeji wake, isiwe ya kijana wa saiba. Tumeona watu wamefungiwa nje ya akaunti zao kwa sababu kijana wa saiba alihama. Palipo na malipo, hulipwa kupitia paybill ya serikali 222222, ambayo tangu mwaka 2023 ndiyo hutumika kwa huduma za serikali. Mtu akikwambia utume pesa kwa namba yake ya simu kwa kuwa "mimi niko ndani", yuko ndani ya mfuko wako. Makao makuu ya Idara ni Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Kutoka Kawangware panda matatu ya 46. Kutoka Kibera wengi wetu twafika kwa miguu.

Andaeni pasipoti au karatasi aliyoingia nayo, nakala ya kitambulisho cha mwenyeji, barua ya mwenyeji inayosema mgeni ni nani wake na anakaa wapi, na ushahidi wa sababu. Sababu ni mgonjwa? Leteni barua ya hospitali. Ni kulea watoto? Leteni vyeti vyao vya kuzaliwa. Barua ya chifu husaidia kueleza ya kwamba mnakaa pale mnaposema mnakaa, lakini barua ya chifu haigeuki kuwa pasi hata ikigongwa mihuri mitatu. Nasema hivi kwa sababu tumekutana na familia iliyotembea na barua ya chifu mwaka mzima ikidhani ndiyo ruhusa.

Hao tumewataja ni watu wa Jumuiya. Ndugu kutoka nchi za mbali zaidi wana utaratibu wao. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha kutoa viza ya kawaida ya wageni, na badala yake wasiosamehewa huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao kabla ya kupanda ndege. Watu bado huiita viza. Wengi wao hugongewa hadi siku 90 wakifika, nao huweza kuomba nyongeza, lakini pasi ya mgeni haipiti miezi sita kwa jumla.

Na hapo ndipo penye tatizo kubwa. Pasi ya mgeni ni ya mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini jembe hilo halimo katika pasi hii: hairuhusu kazi ya mshahara wala biashara. Wengine hujaribu kuizungusha kwa kwenda Busia asubuhi, kugongewa muhuri wa kutoka, kunywa chai ng'ambo na kurudi jioni kwa muhuri mpya. Afisa halazimiki kukupa miezi sita mingine. Akiona pasipoti imejaa safari za namna hiyo atauliza unaishi wapi hasa, nalo ni swali la haki. Mbaya zaidi ni wale wanaotuma pasipoti na dereva wa basi igongwe mwenyewe akiwa amelala Laini Saba. Huo ni udanganyifu, na anayeshikwa nao ni mwenye jina lililo ndani ya pasipoti, si dereva.

Mume, mke na watoto

Ndugu anayekuja kuishi, si kutembea, atafutiwe karatasi ya kuishi. Kwa familia karatasi hiyo ni pasi ya mtegemezi. Huombwa na yule anayemtegemeza, yaani Mkenya mwenyewe au mgeni aliye na kibali chake cha kazi, akionyesha uhusiano wao na uwezo wake wa kumtunza. Pasi hii hairuhusu kufanya kazi. Na kama inategemea kibali cha kazi cha mume, kibali kikiisha nayo imeisha. Tumewahi kuona mama amekaa na pasi iliyoandikwa tarehe ya mbele akidhani yuko salama, kumbe mumewe aliachishwa kazi zamani.

Kwa waliooana na Wakenya mlango ni mpana zaidi, na wengi hawajui. Sheria ya 2011 inamruhusu mke au mume wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 15, inasema aliyekuwa katika ndoa na Mkenya kwa miaka saba au zaidi ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Wanawake waangalie hapa. Katika katiba ya zamani, mke mgeni wa mwanaume Mkenya ndiye aliyeweza kusajiliwa; mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakuwa na nafasi hiyo kwa njia ya ndoa. Akina mama walioolewa na Watanzania au Waganda walionekana kama wamehama nchi wakiwa wamesimama Kibera. Hilo liliondolewa mwaka 2010. Mjane naye amekumbukwa: aliyefiwa na mwenzi Mkenya kabla ya miaka saba kutimia anaweza, kwa masharti yaliyowekwa, kuomba uraia wakati ule ambao angefikia kama mwenzi wake angekuwa hai. Wakwe wasimfukuze kwa kumwambia hana lake Kenya.

Lakini ofisi itauliza cheti cha ndoa, na hapa tuseme ukweli. Wengi wetu tuko katika ndoa ya njoo-tuishi. Miaka kumi, watoto wanne, mahari nusu, hakuna karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Usajili wa ndoa za kimila ulianza mwezi wa Agosti 2017. Kwa hiyo mwenye ndoa ya kimila hana haja ya kungoja pesa za arusi kubwa. Aanze kusajili hiyo aliyo nayo. Mapadre na wachungaji wengine hawatapenda nikisema hivi, lakini mama mgeni asiye na cheti akifiwa na mume hana ushahidi mwingine wa kuonyesha.

Kuhusu watoto pana makosa mawili, na kila moja ni kinyume cha lingine.

La kwanza ni la mama Mkenya aliyezaa Kampala au Mwanza akarudi na mtoto, akaanza kumtafutia pasi. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni Mkenya siku aliyozaliwa, popote alipozaliwa. Huyo hatafutiwi pasi. Atafutiwe karatasi za uraia wake kwa cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama.

La pili ni la wazazi wageni waliozaa hapa, wakadhani mtoto amekuwa Mkenya kwa kuwa ana cheti cha Kenya. Kenya haitoi uraia kwa sababu tu ya mahali pa kuzaliwa. Someni chini ya cheti chenyewe: kimeandikwa ya kwamba si ushahidi wa uraia. Mtoto huyo afuate karatasi za wazazi wake. Akisoma hapa kama mgeni anatakiwa kuwa na pasi ya mwanafunzi, na ombi lake huambatana na barua ya shule. Tafadhali walimu wakuu wawaambie wazazi mapema, si siku mtoto anaposajiliwa mtihani.

Mzazi mzee na mtoto wa ndugu

Hapa mambo si mepesi. Sisi tukisema familia twahesabu shangazi, binamu na mtoto wa marehemu dada. Ofisi huanza na mume, mke na watoto, kisha yule asiyeweza kujitunza kwa sababu ya uzee au ulemavu. Mzazi mzee anaweza kuombewa, lakini mwana aonyeshe kwa cheti chake cha kuzaliwa ya kwamba huyu ni mama yake. Wengi wa umri wetu tuna vyeti ambavyo jina la mama limeandikwa vingine. Afadhali mrekebishe au mweke hati ya kiapo mbele ya wakili kabla hamjaanza. Kwa mtoto wa ndugu, hati ya ulezi kutoka mahakamani ndiyo yenye nguvu, si neno la familia peke yake.

Na tukisema mtoto wa ndugu tuseme mtoto wa ndugu kweli. Kuna nyumba zinazoleta msichana kutoka nchi jirani, anaitwa "binamu" mbele ya majirani, kumbe anafua na kubeba maji toka alfajiri bila mshahara. Mtu mzima aliyekuja kufanya kazi anahitaji kibali cha kazi. Akiwa mtoto, hilo ni kosa jingine kabisa, na Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu. Vikundi vinajua nyumba hizi.

Aliyekimbia vita

Ndugu aliyekimbia vita, kama wengi waliotoka Kongo na Sudan Kusini, hana sababu ya kujifanya mgeni wa kutembea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtaka ajitambulishe kwa maafisa ndani ya siku 30 tangu aingie nchini, hata kama aliingia bila pasipoti. Jamaa wa karibu wa mkimbizi aliyekubaliwa nao hulindwa pamoja naye. Sheria hiyo pia inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuchagua kuacha hali ya ukimbizi na kukaa kama mwananchi wa Afrika Mashariki. Asichague kwa haraka. Anayeacha ukimbizi anaacha na ulinzi wake, na kuupata tena si rahisi. Apate kwanza ushauri wa wakili wa mashirika ya wakimbizi.

Kadi ya mgeni

Sheria inamtaka mgeni mtu mzima anayekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe, achukuliwe alama za vidole na apewe kadi ya mgeni. Kadi hii ni tofauti na pasi. Pasi husema unaruhusiwa kukaa. Kadi husema wewe ni nani. Mwenye kadi ambayo pasi yake imekwisha, amekwisha siku. Mwenye kadi halali hurahisishiwa mengi, hata kusajili laini ya simu.

Kibera yenyewe, tukumbuke, ilianza na vibali. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwapa askari Wasudani wa jeshi la King's African Rifles vibali vya kukaa na kulima msituni hapo. Wajukuu wao ni Wanubi wa leo, wa Makina na Lindi. Kizazi baada ya kizazi walihangaika kutambuliwa kama raia kwa sababu kibali cha babu hakikuwa hati ya ardhi wala ya uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ekari 288. Waulizeni wazee wa Makina kama karatasi ni jambo dogo.

Siku zikiwa zimekwisha

Kukaa bila pasi ni kosa la jinai. Sheria ya 2011 inaweka faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mgeni pia anaweza kurudishwa kwao. Kwa hiyo hatusemi ni jambo la mchezo.

Hata hivyo, mtu aliyekwenda mwenyewe kueleza haonekani sawa na aliyekutwa kwenye msako chini ya kitanda. Aende na mwenyeji wake, na pasipoti, na ushahidi wa sababu ya kuchelewa. Aseme tarehe za kweli. Kama kuna mgonjwa, mtoto au kifo ndani ya jambo hilo, karatasi zake ziwepo. Akiweza amwone wakili kwanza. Nairobi kuna mashirika yanayotoa msaada wa sheria bila malipo, na parokia nyingi zina ofisi ya haki na amani inayoweza kuonyesha njia. Asikubali muhuri wa kutengenezwa. Siku zilizopita zaweza kuelezwa. Muhuri bandia hauelezeki.

Aliyeingia kwa njia ya panya ana shida zaidi, kwa sababu hana siku za kuongeza. Hakuna kitu cha kufanyia hesabu. Ndiyo maana twawaomba ninyi wa vijijini karibu na mpaka: mnapomsindikiza ndugu, mpitisheni dirishani hata kama njia ya shambani ni fupi kwa saa nzima.

Sasa nyanya. Asubuhi iliyofuata mwanawe aliacha kazi ya siku hiyo, akaenda naye ofisi ya uhamiaji. Walibeba cheti cha kuzaliwa cha kijana, barua za hospitali za mkewe na vyeti vya watoto watatu. Kikundi kilitoa pesa iliyokuwa imechangwa kwa mazishi, maana nyingine haikuwepo. Hatutataja walichotozwa, kwa sababu kila jambo huangaliwa peke yake na hatutaki mtu aende na hesabu ya mwenzake. Ilichukua siku tano. Kaka alizikwa siku ya nne.

Nyanya alivuka Malaba mchana, kama alivyosema, na pasipoti yake mkononi. Alikaa matanga wiki mbili. Aliporudi, afisa alipomwuliza anaenda wapi alijibu, "Naenda Kawangware kulea wajukuu, mama yao ni mgonjwa, na nitakaa." Akamwonyesha na barua. Safari hii muhuri uliandikwa miezi sita. Mwanawe ameanza ombi la pasi ya mtegemezi. Jina la mama katika cheti chake lilikuwa limekosewa herufi mbili, kwa hiyo wameanzia hapo.

Tangu wakati huo katibu wetu ameongeza ukurasa katika daftari la kikundi, nyuma ya orodha ya michango. Kila nyumba yenye ndugu mgeni, kama imependa, huandika jina la mwenyeji, aina ya karatasi na tarehe ya mwisho. Namba za pasipoti hatuandiki, maana daftari hupotea. Kila mkutano wa kwanza wa mwezi, kabla ya kuhesabu pesa, katibu husoma tarehe zilizo ndani ya siku 60 zijazo. Mwanzoni watu watatu tu walijiandikisha, wengine wakihofu jambo hilo litafika kwa chifu. Mwezi uliopita walikuwa kumi na mmoja. Wawili kati yao wamebakisha wiki tano, na mmoja, mume Mtanzania wa mwanachama wetu wa Kabiro, ametimiza miaka saba ya ndoa na hakujua.